Historia ya Kukadiria Usikivu wa Redio Milimani na Mabondeni

Mwendeshaji wa redio za ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana pasipo malipo, leo anaweza kujua kwa kompyuta yake ni vijiji gani vitakavyofikiwa na antena anayokusudia kuisimika kileleni, kabla hajaupanda mlima wenyewe. Uwezo huo umetokana na mambo mawili yaliyochukua miongo mingi kukutana: hesabu ya mwendo wa mawimbi juu ya ardhi isiyo sawa, na vipimo vya miinuko ya ardhi hiyo vilivyowekwa wazi kwa watu wote.

Mawimbi ya masafa ya juu, mathalani megahezi 144 ambayo waendeshaji hao huyatumia sana, husafiri karibu katika mstari ulionyooka, ingawa hewa, ambayo huwa nyepesi kadiri inavyopaa, huyapinda kidogo kuelekea ardhini. Mwaka 1933 watafiti Schelleng, Burrows na Ferrell walionyesha nchini Marekani kwamba mpindo huo huweza kuingizwa katika hesabu kwa kuichukulia dunia kana kwamba nusukipenyo chake ni theluthi nne za kile halisi, na mwaka 1946 Harald Friis akatoa kanuni ya upungufu wa nguvu ya wimbi mahali pasipo kizuizi. Kigumu kilichobaki kilikuwa mlima, kwa sababu nyuma yake wimbi halitoweki kabisa, bali hujikunja ukingoni na kushuka likiwa limedhoofika.

Haja ya kulitatua suala hilo ilidhihirika mwaka 1948, Marekani iliposimamisha utoaji wa vibali vya vituo vipya vya televisheni hadi mwaka 1952, kwa kuwa vituo vilivyotumia masafa mamoja viliingiliana kwa umbali uliozidi matarajio. Utafiti ulioendelea katika maabara za serikali mjini Boulder, Colorado, ulizaa matunda mwaka 1968, pale Anita Longley na Phil Rice walipochapisha mbinu ya kompyuta ambayo hadi leo hujulikana kwa majina yao. Mbinu hiyo huchukua urefu wa ardhi hatua kwa hatua kati ya mrushaji na mpokeaji, hutafuta upeo unaoonekana kutoka kila antena, kisha hukokotoa upungufu wa nguvu kwa desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu, ikizingatia wimbi linalofika moja kwa moja, linalojikunja vileleni na linalotawanywa na hewa. Kwa kuwa hewa hubadilika na mahali hutofautiana, jibu lake hutolewa kama uwezekano.

Hata hivyo, kanuni bila vipimo vya ardhi ilimlazimu mtumiaji kusoma ramani za kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na kuandika vimo kimoja kimoja. Mzigo huo ulipungua sana baada ya Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kilipopima kwa rada, katika siku 11, takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Vipimo vilivyotolewa kwanza kwa maeneo ya nje ya Marekani vilikuwa na nafasi ya mita 90 hivi kati ya kimo na kimo. Mwaka 2014 vile vya mita 30 vilianza kutolewa bure, vya Afrika vikitangulia.

Wapenzi wa redio wenyewe ndio walioziunganisha hazina hizo mbili. John Magliacane wa Marekani aliandika SPLAT!, programu huria iliyoanza mwaka 1997, na Roger Coudé wa Kanada akatengeneza Radio Mobile, nayo ikitolewa bila malipo. Penye miti mingi, rada ya Endeavour mara nyingi ilipima karibu na vilele vya miti badala ya udongo, na mbinu ya mwaka 1968 haikuundwa kuhesabu kila jengo la mjini, hivyo makadirio bado yahitaji kuthibitishwa kwa kusikiliza uwandani. Lakini kama watafiti wa Boulder wangeifungia kabatini kanuni yao, na vipimo vya angani vikabaki mali ya majeshi, mwendeshaji wa ridhaa asingekuwa na cha kuthibitisha. Elimu iliyogharimiwa na umma ilimfikia kwa sababu ilirudishwa kwa umma.