Daftari la Makosa na Kijana Asiyesikia Kengele



Mhariri aliponitaka niandike ukurasa wa historia, nadhani alitazamia nieleze habari za timu yetu ya mpira ya mwaka 1973, au za makande ya siku zile. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika, tena vizuri kunishinda. Mimi nataka kuandika juu ya lile daftari lenye jalada jeusi lililokuwa juu ya meza ya mwalimu wa zamu, ambamo sisi viranja tuliandika kila jioni majina ya wakosaji.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa bweni. Katika muhula mmoja niliandika jina la kijana mmoja wa kidato cha kwanza mara kumi na moja. Sitalitaja hapa; watu wa rika letu watamkumbuka. Makosa yake yalikuwa ya namna mbili: kuchelewa mstarini, na dharau. Lile rimu la gurudumu la lori lililotundikwa mwembeni likigongwa alfajiri, bweni zima liliamka isipokuwa yeye. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Ukimkaripia uso kwa uso, hukukodolea macho mdomoni bila kupepesa, jambo ambalo kwa desturi zetu kijana hamfanyii mkubwa wake. Watu wakicheka, yeye hucheka wa mwisho, utadhani anawacheka wao. Na usiku tulipozima karabai ili kuokoa mafuta, tukaendelea kuulizana maswali gizani, yeye aliinuka akaenda zake kulala bila kuomba ruhusa.

Basi adhabu zikafuatana. Aling'oa visiki, akafyeka nyasi, akachapwa. Kadiri alivyoadhibiwa ndivyo alivyozidi kuharibika. Alikuja shuleni mpole, lakini kufikia mwezi wa nne alikuwa mtu wa kupigana, na aliyemgusa bega kwa ghafla alipata ngumi. Tukampa jina la Gogo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo kwa sauti kubwa akiwa ametupa mgongo, maana nilijua hatageuka.

Aliyegundua jambo lenyewe ni mwalimu wetu wa hesabu. Mwalimu huyu alikuwa na tabia ya kusoma maswali kwa sauti huku akitembea kati ya madawati. Akaona kwamba kijana yule huandika barabara mwalimu akiwa mbele yake, lakini akipita nyuma, kalamu husimama. Siku moja akasoma swali akiwa ameuziba mdomo wake kwa kitabu. Darasa zima likaandika. Yule hakuandika kitu. Alibaki anakitazama kile kitabu. Kumbe tangu utotoni masikio yake yalikuwa yakitoka usaha, na usikivu ulikuwa umekwisha kidogo kidogo. Alikuwa akisoma midomo, na gizani midomo haisomeki.

Wanangu wameniuliza kwa nini hakusema. Aliogopa kurudishwa nyumbani. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno wakati ule, na aliyeipata aliishika kwa mikono miwili. Afadhali aitwe mkaidi kuliko kuitwa kiziwi, kwa kuwa mkaidi huadhibiwa akabaki shuleni.

Baadaye nami nilikuwa mwalimu, na swali hili likanifuata: ilikuwaje watu wazima, wenye akili timamu, waliosomea ualimu, wakamwadhibu mtoto kwa kutosikia? Nilipoanza kusoma habari za zamani niliona kwamba shule yetu haikuwa ya kwanza wala ya ajabu.

Tuanze na fimbo yenyewe. Sisemi ililetwa na Mjerumani. Katika vyuo vya Kurani vya pwani bakora ilikuwako kabla yake. Lakini Mjerumani ndiye aliyeigeuza kuwa hesabu ya serikali, viboko ishirini na tano, ambavyo wazee wetu waliviita hamsa ishirini. Waingereza walipokuja nao walikuwa na fimbo zao za shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 1979, ziliendelea kuruhusu viboko kwa masharti. Kanuni za mwaka 2002 ziliyakaza masharti hayo: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Kanuni zetu zinataka pia umri, jinsia na afya ya mtoto viangaliwe kabla ya kumchapa. Neno afya limo humo, nami nalifurahia. Ila katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kuona mwalimu akichungulia masikio ya mtoto kabla ya kunyanyua fimbo.

Kwa watoto viziwi jambo hili lina historia yake ya pekee, nayo ni chungu. Mwezi Septemba mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa za Ulaya na Marekani walikutana Milano, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na kiziwi miongoni mwao alikuwa mmoja tu. Waliamua kwa kura nyingi sana kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama iachwe. Tangu hapo, katika shule nyingi, mtoto kiziwi kuitumia mikono yake kuzungumza na mwenziwe likawa kosa la nidhamu. Watoto walichapwa mikono, wengine wakaamriwa waikalie. Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka: kitu kile kile ambacho kingemsaidia mtoto kuelewa na kutulia ndicho kilichoandikwa katika daftari la makosa. Ilipita miaka 130 hata mkutano wa namna ile ile, uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ukaeleza majuto yake kwa uamuzi wa Milano.

Huku kwetu, shule za watoto wenye ulemavu zilianzishwa kwanza na makanisa. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona huko Thika, Kenya, mwaka 1946. Waanglikana walifungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilianza mwaka 1961, na ile ya Tabora, ya Kanisa Katoliki, mwaka 1963. Waliozianzisha wanastahili heshima, kwani kabla yao watoto wengi wa namna hii walikaa nyumbani tu, na baadhi walifichwa. Lakini kuwapo kwa shule hizo kulizaa fikra nyingine ambayo hakuna aliyeikusudia. Sisi wa shule za kawaida tulijua kwamba viziwi wako Tabora na wasioona wako Buigiri. Kwa hiyo aliyekuwa kwetu, kwa hesabu yetu, hakuwa kiziwi wala asiyeona. Kama hakusikia, basi hakutaka.

Kisha ukaja mpango wa kuwaingiza watoto wote katika shule za msingi, uliotangazwa Musoma mwaka 1974 na kufika kilele mwaka 1977. Madarasa yakafurika. Kati ya watoto wale walikuwamo wengi ambao zamani wangebaki nyumbani: wenye kuona kwa shida, wenye kifafa, wenye akili nzito, wenye usonji ambao hata jina lake hatukulijua. Walimu, wengi wao vijana walioandaliwa haraka, hawakufundishwa namna ya kuwasaidia, na mtoto aliyevuruga darasa la watu wengi alipata dawa iliyokuwa karibu. Siwalaumu sana. Nilikuwa mmoja wao.

Wakati huo huo, mbali na kwetu, wataalamu walikuwa wakiitazama tabia kwa jicho jingine. Mwaka 1968 Wamarekani watatu, Madsen, Becker na Thomas, waliandika waliyoyaona katika madarasa ya shule ya msingi. Kutangaza amri za darasa peke yake kulibadili kidogo sana. Kilichobadili mambo ni mwalimu kumsifu mtoto pale pale anapofanya vema, na kuacha kuyashughulikia makosa madogo. Mwaka 1978 nchini Uingereza kamati ya Mary Warnock ilishauri watoto wasigawanywe tena kwa majina ya vilema vyao, bali iulizwe kila mmoja anahitaji nini ili ajifunze; ikakadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano huhitaji msaada wa namna hiyo wakati fulani wa masomo yake. Mtoto mmoja kati ya watano! Katika darasa letu la wanafunzi thelathini na watano wangekuwa saba.

Lakini maandishi yaliyonigusa kuliko yote ni ya Carr na Durand, ya mwaka 1985. Walichunguza watoto wanne waliokuwa wakipiga kelele, wakigoma na hata kujiumiza darasani. Waligundua kwamba baadhi walifanya hivyo kazi inapokuwa ngumu, na wengine mwalimu anapowasahau. Badala ya kuwaadhibu wakawafundisha maneno machache: wa kwanza waseme kwamba hawajaelewa, wa pili waulize kama kazi yao ni nzuri. Vurugu zikapungua sana. Na mtoto alipofundishwa maneno yasiyohusiana na sababu yake, hayakusaidia kitu. Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana wetu na ngumi zake. Alikuwa hana namna ya kusema "rudia tafadhali, sikusikia" pasipo kuhatarisha nafasi yake shuleni.

Baada ya hapo mambo yaliingia katika sheria. Sheria ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 1997 ilitaka shule ifikirie kwanza njia za kujenga tabia njema pale mwenendo wa mtoto mwenye ulemavu unapozuia masomo. Tamko la Salamanca, Hispania, la mwaka 1994 liliwataka walimwengu wawafundishe watoto wote pamoja, na hapa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaipa haki hiyo nguvu ya kisheria.

Mimi nilijifunza maana ya hayo yote kutoka kwa mtoto mmoja. Katika shule ya msingi niliyofundishia mwishoni tulikuwa na kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Alikuwako mvulana wa miaka tisa, mwenye usonji, asiyesema. Kila asubuhi, karibu saa nne, aliangusha dawati, akauma mtu, akakimbilia nje. Tulijaribu kumshika, kumfungia mlango, kumnyima uji. Hapo mwanamke mpishi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, akatuambia: "Walimu, hamsikii ile mashine ya kusaga? Huanza saa hiyo hiyo." Kweli, mashine ilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Sisi tulikwisha kuizoea, yeye ilimchoma. Tukamchorea kadi yenye picha ya mwembe uliokuwa upande wa pili wa uwanja. Akiinyanyua, mtu mmoja anaongozana naye hadi mwembeni, wanakaa kidogo, wanarudi. Wiki za kwanza aliinyanyua kila baada ya dakika chache, na baadhi ya walimu wakasema tunamdekeza. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa akiitumia mara moja kwa siku, akirudi mwenyewe, na hakuna aliyeumwa tena.

Haifaulu hivyo kila mara. Wapo niliowashindwa, nami nawakumbuka kwa majina. Na mtoto mwenye ulemavu naye huweza kuwa mtundu tu kama mtoto yeyote, akastahili kuambiwa hapana. Kumwachia kila kitu kwa huruma ni namna nyingine ya kumdharau.

Turudi mwembeni kwetu. Yule mwalimu wa hesabu hakufanya mambo makubwa. Alimhamishia kijana dawati la mbele karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga humwangukia usoni anayesema. Aliwaomba walimu wenziwe wasizungumze wakiwa wameelekea ubaoni. Alimchagua jirani yake wa kitanda awe anamwamsha kwa kutikisa godoro, asimguse bega. Alitupiga marufuku kuuliza maswali gizani bila yeye. Halafu alichukua lile daftari jeusi, akaligeuza, akatuamuru sisi viranja tuandike kwa upande wa nyuma mema tuliyoyaona siku hiyo, jina na tendo. Tulinung'unika. Ilikuwa kazi ngumu ajabu. Kwa siku tatu za mwanzo sikuwa na la kuandika, nikatambua kwamba sikuwa na mazoea ya kulitafuta.

Mwaka 1975 alimkabidhi kijana yule saa yake ya mkononi na kumfanya mgonga kengele. Wengine walicheka. Alikuwa akigonga rimu lile kwa wakati kuliko aliyemtangulia, kisha akiweka kiganja chake juu ya chuma mpaka kitulie. Jina lake halikuonekana tena upande wa mbele wa daftari.

Mimi nilimaliza mwaka huo huo, yeye akamaliza mwaka 1977, nami sikupata kumwomba radhi. Kama jarida hili litamfikia, ajue kwamba nitakuwapo siku ya mkutano wetu, na nitakaa mbele, karibu na dirisha, upande wenye mwanga.