SEHEMU YA 4: Bustani ya Mungu iliyokaribia kuliwa

Leo tunaendelea na sehemu nzuri za kupeleka watoto bila kwenda mbali. Ukiwa hapa Rujewa, hasa asubuhi baada ya mvua, tazama upande wa kusini-magharibi. Ile milima unayoiona, huko juu yake kuna bustani ya maua ambayo hakuna binadamu aliyeipanda. Inaitwa Kitulo. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na wataalamu wa mimea wameipa jina la Serengeti ya Maua.

Sasa kaa vizuri nikusimulie, maana bustani hii nusura tuikose.

Wawanji na Wakinga wameishi kandokando ya uwanda huo miaka mingi. Mwaka 1877 alipita Mwingereza, James Frederic Elton, balozi mdogo wa nchi yake kule Msumbiji. Alikuwa anatoka Ziwa Nyasa kuelekea pwani. Hakufika: alifia njiani, Ugogo, Desemba mwaka huohuo. Lakini wazungu wakauita uwanda huo kwa jina lake, kana kwamba haukuwa na wenyewe. Leo jina la Elton limebaki vitabuni, na sisi tunasema Kitulo.

Miaka ya 1960 sehemu ya uwanda ikafanywa shamba la kondoo, baadaye la ng'ombe wa maziwa. Shamba hilo lipo mpaka leo. Maua yaliyobaki hayakuwa na mlinzi, ila kwa muda mrefu hayakuwa na adui mkubwa pia.

Adui alikuja kwa njia ya chungu. Wenzetu wa Zambia wana chakula kinaitwa chikanda. Unachukua viazi vidogo vya ua la okidi, vile vilivyo chini ya udongo, unavikausha na kuvitwanga, unachanganya na karanga za kusaga, chumvi, pilipili na magadi, unapika mpaka kishikane. Kinakatwa vipande kama mkate. Zamani kilikuwa chakula cha kijijini. Kilipopendwa mijini, okidi za kwao zikaanza kuwa adimu, wafanyabiashara wakavuka mpaka wa Tunduma kutafuta za kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipopiga hesabu, walikuta ni mamilioni ya viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Mamilioni, mama! Na okidi si kama mchicha kwamba utachuma leo na kesho uchipue. Ukichukua kiazi, umechukua mmea mzima.

Tusiwalaumu haraka waliochimba. Ni watu kama mimi na wewe, mtoto anadaiwa daftari na sare, na porini kuna kitu kinanunuliwa. Kilimo cha huko juu ni viazi na pareto, na bei yake si ya kutegemea. Ulinzi ulipokuja, kuna jiko lililopoteza hela ya chumvi. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii, tusilifiche.

Mwaka 2002 serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi, na mwaka 2005 ikawa rasmi Hifadhi ya Taifa, ukubwa wa kilomita za mraba karibu 413. Katika ukanda wetu wa joto wa Afrika, ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Siyo simba, siyo tembo. Maua! Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake okidi za ardhini ni aina 45. Baadhi hazipatikani kwingine popote duniani.

Utaniuliza, nesi, maua yananihusu nini mimi na mtoto mgongoni? Yanakuhusu. Nyasi na maua yale yanashika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Mito inayoshuka kutoka safu ile ndiyo inayomwagilia mpunga wa Usangu. Ubwabwa unaomlisha mwanao umeanzia huko juu.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Desemba na Aprili, ndipo yanapochanua. Unashika barabara kuu hadi Chimala, halafu unapanda kwenda Matamba kwa ile barabara wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Si mchezo. Kama una ujauzito na kichefuchefu, usipande ukiwa umeshiba sana, na mwambie dereva asikimbize. Uwanda uko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta, kofia na soksi za mtoto ni lazima, hata kama Rujewa mnatokwa jasho. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni.

Ukifika, mtoto atataka kuchuma. Mshike mkono, mwonyeshe, mwambie: hili linaangaliwa tu. Kisha msimulie kwa nini.

Tukutane sehemu ya 5. Usiku mwema.