Mitandao Isiyo na Waya: Upungufu Wake Katika Busia na Malaba

Mtandao wa kompyuta usio na waya ni ule ambamo kompyuta, simu na mashine nyinginezo hupelekeana habari kwa mawimbi ya redio. Kanuni za kwanza za aina iitwayo waifai zilitolewa mwaka 1997 na IEEE, taasisi ya wahandisi yenye makao Marekani, zikiruhusu mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 mwendo ukapandishwa hadi 11, na tangu hapo haujaacha kupanda. Walakini hesabu iliyochapwa juu ya kasha la ruta siyo aipatayo mtumiaji, ambaye aghalabu huambulia nusu yake au pungufu. Na katika Busia na Malaba, miji miwili ya Kaunti ya Busia nchini Kenya ambako shehena itokayo Mombasa huvuka kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake, sababu za upungufu huo hukutana mahali pamoja.

Iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hewa ni shirika. Ruta na mashine zote zilizounganishwa nayo ni mfano wa baraza ambamo hapana asemaye mpaka mwenziwe anyamaze, maana wawili wakisema pamoja maneno huvurugana na kila mmoja hulazimika kurudia. Katika masafa ya gigahezi 2.4, yatumiwayo na vyombo vya bei nafuu, njia ni 13 katika nchi nyingi, lakini zimepandana hata zikawa tatu tu ziwezazo kutumika jirani bila kuudhiana. Tazama barabara ya Busia ielekeayo mpakani: mbadilisha fedha, wakala wa M-Pesa, nyumba ya wageni, duka la dawa na ofisi ya wakala wa forodha, kila mmoja na ruta yake, na ng'ambo, katika Busia ya Uganda, wapo wengine kadhalika. Kununua ruta yenye nguvu zaidi hakuleti nafuu ya kudumu, kwani simu huijibu kwa nguvu zake ndogo zilezile, na jirani huzidishiwa kelele.

Kisha kuna chuma. Bati halipitishi mawimbi, bali huyarudisha yalikotoka. Wakala aliyeketi katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya Malaba, akiipata ruta ya jirani kupitia mlangoni, huziona alama za waifai zikishuka pindi lori la kontena linaposimama mbele ya mlango, na fomu aliyokuwa akiituma hukwama hata lori lisogee. Fauka ya hayo, kompyuta mbili zilizotengwa na kontena huweza kuisikia ruta bila ya kusikiana zenyewe, zikatuma kwa wakati mmoja na kuharibiana.

Mvua, ambayo katika nchi hizi za jirani na Ziwa Viktoria hupenda kunyesha alasiri pamoja na radi, hulaumiwa kuliko inavyostahili. Matone yake hayana athari ya kutajika kwa masafa ya gigahezi 2.4 wala 5. Huyadhoofisha hasa yale yazidiyo gigahezi 10, yatumiwayo baina ya minara. Kiuangushacho mtandao wa dukani ni majani ya miti yaliyolowa, radi iunguzayo vyombo, na zaidi ya yote kukatika kwa umeme, maana ruta isiyo na betri huzimika pamoja na taa. Wala antena mbili kuonana hakutoshi: kiungo cha kilomita 5 kwa gigahezi 2.4 hutaka, katikati ya safari yake, nafasi yenye nusu kipenyo cha takriban mita 12, ambayo sehemu yake kubwa sharti iwe wazi. Na mwembe uliokuwa mche siku antena ilipofungwa huja ukaiziba.

Atumiaye intaneti ya simu ana taabu nyingine, kwamba simu yake yaweza kushikwa na mnara wa Uganda naye hajavuka, na bando alilonunua lisifanye kazi. Makubaliano ya serikali za ukanda huu ya mwaka 2014 yalipunguza gharama za romingi, illa yalianza na simu za sauti, si data. Kwa hiyo mwenye hadhari huzima romingi, au hubeba laini mbili.

Mambo haya si madogo. Kituo cha mpakani cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa na marais wa Kenya na Uganda tarehe 24 Februari 2018, na kile cha Malaba, hutegemea hati zisomwazo kwenye kompyuta. Mtandao ukikosekana, dereva hungoja na ndizi zikaiva garini. Nayo mikongo ya baharini iliyofika Mombasa mwaka 2009 huifikia Uganda kwa nyaya zipitazo mpaka huuhuu. Kwa hiyo kazi isiyotembea, ya forodha, ya benki na ya hospitali, haifai kuachiwa hewa. Hewa na iwe ya simu, na ya afisa azungukaye uani baina ya malori. Waya wa kawaida wa mtandao hufika mita 100 bila ya msaada wowote, na hapana ofisi ya wakala mpakani iliyo ndefu kiasi hicho.