Jiwe lenye vijitundu: namna wanakemia wanavyotengeneza njia ya molekuli

Chupa ya maji inayouzwa barabarani na nguo nyingi za poliesta zina mzazi mmoja: parazaileni, inayotolewa katika mafuta ghafi. Shida ni kwamba haizaliwi peke yake. Inatoka pamoja na ndugu zake wawili, meta na ortho, wenye atomu zilezile na uzito uleule. Tofauti ni umbo tu: para imenyooka, wale wawili wamepanuka mabega. Para inachemka kwenye 138 °C, meta 139, ortho 144. Kuwatenganisha kwa kuchemsha kunakula moto mwingi.

Msaada ulitoka kwa jiwe. Zeoliti ni jiwe la silikoni, alumini na oksijeni, limejaa vijitundu. Jina lilitolewa na Msweden Cronstedt mwaka 1756, maana yake kwa Kigiriki "jiwe linalochemka", kwa sababu likipashwa moto linatoa mvuke. Ile inayoitwa ZSM-5 haikuchimbwa. Ilitengenezwa na Argauer na Landolt wa kampuni ya Mobil, na hati yake ni ya mwaka 1972. Njia zake zina upana wa nanomita 0.55 hivi, karibu sawa na para yenyewe. Para inapita haraka. Wale wengine wanakwama ndani, na wakiwa humo humo kichocheo kinaweza kuwageuza wawe para.

Sasa tundu dogo hivyo linachongwa na nani? Hakuna msumeno wa kazi hiyo. Kinachotumika ni molekuli ya kalibu: katikati atomu moja ya nitrojeni, na mikono minne ya kaboni. Inachanganywa na silika, inapikwa katika chombo kilichofungwa, na jiwe linajijenga kuizunguka. Kiini kinakaa penye njia panda, kila mkono katika njia yake. Kisha moto wa karibu 550 °C unaichoma, vijitundu vinabaki. Ni kama mbao za fundi anayemwaga beto, ila fundi kesho atazitumia tena mbao zake. Hapa kalibu imekuwa moshi, na mara nyingi ndiyo yenye bei kali.

Kwa miaka mingi kalibu zilitafutwa kwa kubahatisha: jaribu hii, jaribu ile. Mwaka 2017 timu ya Avelino Corma, huko Valencia, Hispania, ilieleza katika jarida la Science njia nyingine. Molekuli inapogeuka kuwa nyingine, kuna nukta ambapo ya zamani haijaisha na mpya haijatokea. Nukta hiyo haishikiki. Basi wakaunda kalibu tulivu inayofanana nayo kwa umbo, jiwe likajengwa kuizunguka, chumba kikapatikana chenye kipimo cha ile nukta. Walijaribu mageuzi matatu, mojawapo la tolueni, ambalo linazaa zaileni, na vichocheo vilifanya kazi vizuri.

Suala la gharama bado lipo. ZSM-5 siku hizi inaweza kupikwa hata bila kalibu ya kaboni. Zeoliti nyingine nyingi bado haziwezi, ndiyo maana maabara zinatafuta kalibu za bei nafuu, au zile zinazoweza kutolewa bila kuchomwa.