Waya Mrefu wa Unyanyembe: Juu ya Kuhesabu Impidansi Bainifu

Ziba, iliyo katika wilaya ya Igunga, kaskazini-mashariki ya Tabora, ni nchi ya masafa: toka kijiji hata kijiji ni mwendo, na baina yake ni mashamba ya pamba, malisho ya ng'ombe, na mbuga ziteremkazo kuelekea Wembere. Nchi ya namna hii ndiyo imfundishayo mtu kwamba waya mrefu si waya mfupi uliorefushwa tu. Na dai langu ni kwamba kipimo kiitwacho impidansi bainifu, ambacho wanafunzi wetu aghalabu hukisoma mwishoni mwa kitabu na kukisahau baada ya mtihani, ndicho kistahilicho kuhesabiwa kabla ya vingine vyote katika magharibi ya Tanzania.

Kwanza tuondoe shubuha. Kijana mmoja wa huko, tulipokuwa tukitazama minara ya umeme, aliniuliza, "Shikamoo mwalimu, hizo omu unazozitaja, ni ngapi kwa kila kilomita?" Nikamjibu, "Marahaba. Hazihesabiwi kwa kilomita, mwanangu. Ni zile zile, waya uwe wa kilomita moja au wa mia." Hakuridhika, na ilikuwa haki yake. Basi tukatwaa kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, tukaifunga mtini, naye akaitikisa mara moja: wimbi likaenda, likagonga mti, likamrudia mkononi limepinduka. Nikamtaka azingatie kwamba mkono wake, ulipokuwa ukitikisa, ulihisi uzito wa kamba yenyewe, kwa kuwa habari za mti zilikuwa bado hazijamfikia. Uzito ule ndio mfano wa impidansi bainifu: si kikwazo kilicholundikana njiani, bali ni uwiano wa msongo na mkondo katika wimbi lisafirilo.

Hesabu yake, ukiacha upotevu mdogo, ni hii: chukua induktansi ya mita moja ya njia, uigawe kwa kapasitansi ya mita hiyo hiyo, kisha utafute kipeuo cha pili cha jawabu. Mita hujifuta zenyewe. Amma kwa waya mmoja uliotundikwa juu ya ardhi, inatosha kujua kimo chake na unene wake: gawa kimo maradufu kwa nusukipenyo, twaa logarithimu asilia ya jawabu, uzidishe kwa 60. Tuchukue mathalan simu ya waya ya zama za Wajerumani, iliyoifuata njia ya misafara kuja Tabora, katika Unyanyembe, kabla ya reli kufika mwaka 1912, na tukadirie kwamba waya wake ulikuwa mita 6 juu ya ardhi na nusukipenyo chake milimita 2. Mgawo ni 6,000, logarithimu yake 8.7, na impidansi omu 522. Sasa inua nguzo hata mita 12, gharama iongezeke utakavyo, nawe utapata omu 564 tu. Logarithimu ni bahili. Humpa mhandisi kidogo kwa taabu nyingi.

Impidansi yenyewe haikujulikana mapema. Waya wa chini ya bahari ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, hesabu iliyotumika sana kwa nyaya za namna ile ilikuwa ya William Thomson, aliyezingatia ukinzani na kapasitansi peke yake; ni Oliver Heaviside, katika miaka ya 1880, aliyeirudishia induktansi haki yake.

Yuko atakayepinga kwamba mambo haya ni ya simu na redio, na kwamba umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde una wimbi la urefu wa kilomita 6,000, hata njia zetu zikawa si kitu mbele yake. Pingamizi hilo lina nguvu Ulaya kwenye njia fupi, walakini hapa halisimami. Njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hata Shinyanga ina kilomita 670, yaani sehemu moja ya tisa ya wimbi. Na lau ingaliachwa nzima bila mzigo, bila vituo vya katikati wala riakta, msongo wa mwisho ungaliupita wa mwanzo kwa karibu asilimia 31. Watu hulalamikia umeme mdogo, ambao mara nyingi kosa lake ni la nyaya za mtaani; mwenye kituo cha kupoza umeme, usiku wa manane vijiji vinapolala, huhofia ule mkubwa.

Hapo ndipo impidansi bainifu inapoamua. Zidisha msongo kwa msongo, ugawe kwa impidansi, utapata mzigo wa asili wa njia. Waya wa omu 400 kwa kilovolti 132, msongo wa njia itokayo Shinyanga kuja Tabora, hutoa megawati 44 hivi. Chini ya kiasi hicho njia huzidisha msongo, na juu yake huupunguza. Ukitaka kukiongeza, tundika nyaya mbili pamoja kwa kila awamu: nyaya za nusukipenyo cha sentimita 1.5, zikiachana sentimita 40, hufanya kazi kama waya mmoja wa nusukipenyo cha karibu sentimita 8, na masafa ya mita 11 baina ya awamu yakishika mahali pa kimo maradufu katika hesabu ile, impidansi hushuka hata omu 297. Kwa kilovolti 400, hizo ni megawati 539.

Kijana wangu alikwisha kuifungua kamba mtini, akampa mwenzake ashike ncha. Mara ya kwanza mwenzake akakaza mkono, wimbi likarudi limepinduka. Mara ya pili akalegeza mno, likarudi bila kupinduka. Mara ya nne au ya tano mkono wake ulikwenda na kamba kwa kadiri ile ile iliyovutwa, na wimbi halikurudi.