Uhifadhi wa Uwanja wa Tamasha: Mfano wa Bethel, New York

Ngome, msikiti au kaburi la kale hujitetea lenyewe mbele ya mwanahistoria, kwani mawe yake yapo, na atakaye kuyapima huyapima. Tamasha la muziki halina mawe. Jukwaa hujengwa kwa mbao, hutumika siku chache, kisha hubomolewa. Sauti nayo hupotea hewani. Basi panapodaiwa kwamba uwanja wa tamasha ni mahali pa kihistoria, hapana budi kuuliza ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa. Swali hili lilichukua muda mrefu kujibiwa katika mji mdogo wa Bethel, Jimbo la New York, nchini Marekani.

Tamasha lililofanyika huko kuanzia tarehe 15 hadi 18 Agosti 1969 linaitwa Woodstock, ilhali Woodstock ni mji mwingine kabisa. Waandalizi walikuwa wamekusudia kulifanya Wallkill, lakini wakuu wa mji huo wakawakatalia mwezi mmoja tu kabla ya siku yenyewe. Ndipo Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alipowakodisha sehemu ya shamba lake: mteremko wa majani wenye umbo la bakuli, ambapo aliyeketi juu aliweza kumwona aliyesimama chini. Walifika watu zaidi ya 400,000. Uzio haukukamilika, kwa hiyo wengi waliingia bila kulipa; mvua ikanyesha, barabara zikazibika, chakula kikapungua. Jimi Hendrix alipopiga gitaa asubuhi ya Jumatatu, wengi wa wasikilizaji walikwisha kuondoka.

Bethel haukujivunia jambo hilo. Yasgur alifariki mwaka 1973, na shamba likapita katika mikono mingine, lakini wageni hawakuacha kuja. Katika miaka iliyofuata palimwagwa mbolea ya kuku ili harufu iwafukuze, na katika mojawapo ya maadhimisho njia zilizibwa kwa matrekta na magari ya polisi. Hata hivyo mwaka 1989, ilipotimia miaka ishirini, maelfu walikusanyika pasipo kualikwa na mtu. Yafaa kuzingatiwa kwamba kumbukumbu hii ilianza kutunzwa na mahujaji kabla ya kutunzwa na serikali. Mnara mdogo uliowekwa ukingoni mwa uwanja mwaka 1984 ulikuwa kwa miaka mingi ndiyo alama pekee ya kudumu.

Mabadiliko yaliletwa na fedha. Mwaka 1996 uwanja ulinunuliwa na Alan Gerry, tajiri wa televisheni ya waya na mwenyeji wa wilaya hiyo. Kituo cha sanaa cha Bethel Woods kilifunguliwa mwaka 2006, na makumbusho yake mwaka 2008. Wako walioona kwamba tamasha lililoingiwa bure sasa linauzwa kwa tikiti. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Waandalizi wa mwaka 1969 nao waliuza tikiti, na walitarajia faida. Isitoshe, ukumbi mpya ulijengwa kando, na mteremko wenyewe ukaachwa wazi. Mwaka 2017 uwanja uliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria.

Hata hivyo si kila kilichofanywa kwa nia njema kilihifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ardhi ya pale jukwaa liliposimama ilisawazishwa kwa ajili ya maadhimisho. Mwaka 2018 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Binghamton walipokuja kutafuta alama za jukwaa, walikuta udongo umekwisha kuvurugwa, wakalazimika kutegemea mabaki ya uzio ili kukadiria mahali pake. Mbolea ya kuku haikufuta athari yoyote. Iliyofuta ni sherehe.

Kutokana na mfano huu yabainika kwamba kinachohifadhiwa katika uwanja wa tamasha si muziki, maadam muziki umo katika sahani za santuri na filamu. Kinachohifadhiwa ni umbo la ardhi lililowawezesha watu wengi mno kusikia kwa pamoja. Umbo hilo halihitaji kupambwa. Lahitaji mwenye mamlaka juu yake ajizuie, na kujizuia huko ndiyo kazi ngumu ya uhifadhi.