Nukta ya akupancha

nm (wingi: nukta za akupancha) [i-/zi-]. Mahali mahususi mwilini ambapo mtabibu wa tiba ya jadi ya Kichina hudunga sindano nyembamba isiyo na dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 umebainisha nukta 361.

Matumizi. Madaktari wa Kichina wamekuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960, lakini istilahi ya tiba yao bado hukanganya. Kwa msomaji wa Digodigo, Ngorongoro, kama kwa Watanzania wengi, kuchomwa sindano ni kutiwa dawa au chanjo. Kwa hiyo mfasiri aseme bayana kwamba sindano hii haina dawa. Asiichanganye nukta na chale, ambayo ni mkato, wala kudunga na kuumika, ambako hufyonza damu.

Kipimo. Nukta hutafutwa kwa kupapasa mifupa, kano na mikunjo ya ngozi, kisha kupima kwa tsuni, yaani upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe penye kiungo. Isigeuzwe kuwa sentimita, kwani miili hailingani. Wala isifasiriwe kuwa wanda (wingi: nyanda), kwani tsuni 3 ni sawa na nyanda 4 zilizobanwa pamoja.

Mfano: Nukta ya Zusanli iko tsuni 3 chini ya kibonyeo cha nje kilicho chini ya pia ya goti, kando ya muundi. Anayeandika “nyanda 3” huipandisha nukta kwa upana wa kidole kizima.